Tulihesabu maji ya watoto, tukasahau ya baba

Safari ya miguu ndani ya Grand Canyon ilitufundisha kwamba mtoto anayeogopa kusema na mzazi anayeficha uchovu ni hatari moja

"Baba, tangu tutoke kule juu hujaenda kukojoa hata mara moja."

Mwanangu wa miaka 14 alisema hivyo kwa sauti ya chini, akiwa amekaa juu ya jiwe. Ilikuwa saa 8 mchana, na tulikuwa zaidi ya mita 900 chini ya ukingo wa korongo la Grand Canyon, katika jimbo la Arizona, Marekani. Mimi nilikuwa nafungua chapati. Mdogo wake wa miaka 9 alikuwa ametumbukiza miguu kwenye kijito. Baba yao alikuwa amelala chali chini ya mti, kofia usoni, na nilidhani anapumzika tu.

"Shughulika na mambo yako," baba alijibu bila kuondoa kofia.

Kwetu mtoto hamwulizi baba yake habari za kukojoa. Kijana akainamisha kichwa, akanyamaza. Nami nilikuwa karibu kumwambia aache utovu wa adabu, lakini nikakumbuka kwamba mume wangu hakuwa amekula chochote tangu asubuhi. Nikaenda kumwondoa ile kofia. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, na macho hayakutaka mwanga.

"Kichwa kinanigonga, mama watoto. Niache nilale."

Hapo nikajua kwamba kijana ameona kitu ambacho mimi sikukiona.

"Mnafuata nini shimoni?"

Tunaishi Phoenix mwaka wa tano sasa. Kama familia nyingi za ughaibuni, tunakutana nyumbani usiku, kila mmoja amechoka na kazi au shule, kila mmoja ana simu yake. Kijana wetu alikuwa ameanza kujibu maswali yetu kwa neno moja. Baba yake akaona dawa ni safari: siku mbili za kutembea, kubeba mizigo pamoja, kulala kwenye hema, mahali ambapo simu hazishiki mtandao. Likizo fupi ya shule ya Oktoba ikawa nafasi yetu, kwa sababu kutoka Phoenix hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa gari.

Tulipompigia simu bibi yao Singida kumwaga, alicheka. "Mnafuata nini shimoni? Mimi nimetembea na ndoo kichwani miaka yote hiyo kutafuta maji, nyie mna maji ya bomba mnayakimbia?"

Mume wangu naye alicheka. "Mama, mimi mtoto wa Singida. Jua nimezaliwa nalo."

Maneno hayo nilikuja kuyakumbuka baadaye.

Mlima uliogeuzwa juu chini

Grand Canyon ni korongo lenye urefu wa kilomita 446, na kuna mahali upana wake unafika kilomita 29. Ukisimama ukingoni, huwezi kuona mwisho wake kushoto wala kulia. Mto Colorado, uliochimba korongo hilo kwa mamilioni ya miaka, uko chini sana kiasi kwamba sehemu nyingi za ukingo huuoni kabisa. Eneo hilo limekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1919.

Tofauti yake na mlima ni hii: mlimani unaanza na kazi ngumu ukiwa na nguvu, kisha unarudi kwa mteremko ukiwa umechoka. Korongoni ni kinyume. Unaanza kwa kushuka, kila mtu anacheka, miguu inajiendea yenyewe. Kazi inakusubiri wakati wa kurudi, nguvu zikiwa zimekwisha. Walinzi wa hifadhi huwaambia wageni wakadirie kwamba kupanda huchukua muda mara mbili ya kushuka.

Jambo la pili ni joto. Kadiri unavyoshuka, hali ya hewa inazidi kuwa ya jangwa. Kwa kila mita 300 unazoshuka, joto hupanda kwa karibu nyuzi 3. Asubuhi tuliondoka ukingoni tukiwa na majaketi na glavu. Saa 7 mchana tulikuwa kwenye nyuzi 31 kivulini, na njiani kivuli ni kidogo. Katikati ya kiangazi, huko chini kabisa mtoni joto hupita nyuzi 40.

Si mahali pa kudharau. Zaidi ya watu 250 huokolewa ndani ya korongo hilo kila mwaka. Mwaka 2004 alifariki humo binti wa miaka 24, mwanafunzi wa udaktari, ambaye miezi mitatu tu kabla alikuwa amemaliza mbio za Boston Marathon kwa muda wa saa tatu na dakika chache. Alikuwa na mwili wa mwanariadha, lakini maji aliyobeba hayakutosha kwa joto la Julai. Hifadhi imetumia habari yake kuwaonya wageni vijana wanaoamini kwamba afya njema inatosha.

Maandalizi yote yalikuwa ya watoto

Tulichagua njia inayoitwa Bright Angel. Kutoka ukingoni hadi kambi ya Havasupai Gardens ni kilomita 7.2, na unashuka mita 930 hivi. Njiani kuna vibanda viwili vya kupumzikia, cha kwanza kilomita 2.4 kutoka juu, cha pili kilomita 4.8, na katika miezi ya joto huwa na mabomba ya maji. Kulala ndani ya korongo kunahitaji kibali, ambacho huombwa miezi kadhaa kabla. Sisi tulipata usiku mmoja.

Kwa wiki nne kila Jumapili tulifanya mazoezi ya kutembea na mabegi mgongoni kwenye vilima vya Phoenix. Binti alibeba kilo 3, kijana kilo 8, mimi 11. Baba watoto alijipakia kilo 20: hema, jiko la gesi, chakula cha watu wanne. Kuwasha moto wa kuni ni marufuku humo ndani. Nilipika chapati kumi na mbili, nikachukua karanga za chumvi, tambi za kuchemsha haraka, na maharage ya kopo. Mume wangu ndiye aliyenunua pakiti za ORS. "Hizi za watoto, wakizidiwa," alisema, akaziweka mfukoni mwa begi lake.

Tukapanga maji kwa kalamu na karatasi: kila mtoto lita ngapi, ajaze wapi, anywe lini. Nikiitazama karatasi hiyo leo, majina ya watoto yapo juu na mistari yake. Jina la baba halipo. Langu pia halipo.

Njia ya kushuka

Tulianza saa 12:30 asubuhi. Baada ya dakika chache njia inapita ndani ya tundu lililochongwa kwenye mwamba, na binti akapiga kelele asikie sauti yake ikirudi. Kuta zilibadilika rangi tulivyoshuka: nyeupe, kisha ya udongo, kisha nyekundu. Mwamba wa juu kabisa una miaka milioni 270 hivi. Ile ya chini kabisa kando ya mto ina zaidi ya miaka bilioni 1.7. Kijana alikuwa amesoma hayo shuleni, akatusimulia sisi wazazi bila kuombwa. Nilimwangalia baba yake, akanikonyeza.

Tukakutana na msafara wa nyumbu wakishusha watalii. Binti alishangaa: "Mama, nyumbu si wa Serengeti?" Ikabidi nimweleze kwamba hawa ni watoto wa punda na farasi, jina tu ndilo limefanana. Utaratibu ni kusimama upande wa ukuta wa mwamba, mbali na ukingo, kunyamaza, na kungoja wote wapite na kwenda mbali kidogo. Mnyama akishtuka kwenye njia nyembamba, hakuna pa kukimbilia.

Kwenye kibanda cha kwanza watoto walijaza chupa. Kwenye cha pili kulikuwa na foleni bombani, na binti alikuwa analalamika kidole cha mguu kinamuuma. Baba akampa chupa yake ya mwisho, akasema, "Mimi nitakunywa tukifika." Tulisimama hapo kidogo, nikamfunga binti plasta kwenye lengelenge, tukaendelea. Baada ya hapo njia inashuka kwa kona nyingi za kupindapinda kwenye ukuta mwekundu, na jua lilikuwa limeshatukuta. Tulifika kambini karibu saa 6 mchana, saa moja nyuma ya mpango wetu.

Havasupai Gardens ni mahali pa kushangaza. Katikati ya mawe makavu kuna kijito, miti mirefu yenye kivuli, na bomba la maji. Wahavasupai waliishi na kulima hapo kwa vizazi vingi kabla hifadhi haijaanzishwa. Mkazi wao wa mwisho aliondolewa kwa nguvu mwaka 1928, na kwa miaka mingi mahali hapo paliitwa Indian Garden. Jina la sasa lilirudisha heshima hiyo mwaka 2022. Wenyewe bado wanaishi katika korongo jingine la pembeni, kwenye kijiji cha Supai, ambako hadi leo barua hupelekwa kwa nyumbu.

Mpango wetu ulikuwa kupumzika hadi saa 10 jioni, kisha kutembea kilomita 2.4 nyingine hadi Plateau Point, mahali unapoweza kuutazama mto Colorado ukiwa chini yako. Binti alikuwa ameahidiwa mto huo tangu Agosti. Alikuwa ameuchora.

"Niliona tangu kibanda cha pili"

Baada ya maneno ya kijana, nilikwenda kibanda cha walinzi wa hifadhi kilichopo kambini. Mlinzi wa zamu alikuja, akachuchumaa karibu na mume wangu, akamuuliza maswali mawili tu: umekunywa nini leo, na umekula nini. Majibu yalikuwa ya aibu. Kikombe cha chai saa 11 alfajiri. Maji kidogo hadi kibanda cha kwanza. Tulipofika alikunywa vikombe viwili, vikamletea kichefuchefu, akaacha. Chakula, hakuna.

Mlinzi alituonya tusimmiminie maji mengi kwa pamoja. Mtu aliyetoka jasho siku nzima amepoteza chumvi pia, na akinywa maji matupu kwa wingi bila kula, chumvi ya damu inaweza kushuka hadi kuwa hatari. Alitaka anywe kidogo kidogo, ale kitu cha chumvi, alowanishe shati kwa maji ya kijito, na asiondoke kivulini. Tukafungua zile pakiti za ORS zilizonunuliwa kwa ajili ya watoto. Kijana ndiye aliyemshikia baba yake kikombe.

Ilichukua zaidi ya saa mbili kabla hajakaa vizuri na kula karanga. Karibu na magharibi akaenda chooni, na binti akashangilia kana kwamba timu yetu imefunga bao. Hata mlinzi alicheka.

Nilimwuliza kijana alijuaje. Akasema kocha wao wa riadha shuleni huwauliza kila mazoezi kama wamekojoa na mkojo ulikuwa wa rangi gani. Kisha akaongeza jambo lililonichoma: "Niliona tangu kibanda cha pili kwamba Baba hanywi. Niliogopa kusema. Nilijua ataona namkosea adabu."

Mzazi mwenzangu, fikiria hilo kidogo. Kwa kilomita mbili na nusu za mteremko, mtoto wangu alitembea nyuma ya baba yake akijua kuna tatizo, akiwa amefunga mdomo kwa sababu ndivyo tulivyomlea. Naye baba yake alitembea mbele akijua hayuko sawa, akiwa amefunga mdomo kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mimi katikati nilikuwa nahesabu chupa za watoto.

Mto hatukuuona

Jua lilipozama, makundi mengine yalirudi kutoka Plateau Point na picha zao. Binti alilia. Hakulia kwa deko. Alilia kimya kimya ndani ya hema, kama mtu mzima.

Baba yake aliingia, akakaa karibu naye. Nimeishi na mwanamume huyu miaka 16, na sijawahi kumsikia akisema alichosema usiku ule. "Mwanangu, nisamehe. Nilikuahidi mto, na mimi ndiye niliyeuharibu. Nilitaka muone baba yenu hachoki." Halafu akamgeukia kijana: "Na wewe, siku nyingine ukiona kitu, niambie. Hata nikikasirika, niambie tena."

Kijana akasema, "Sawa, Baba." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kesho mimi nabeba hema."

Baba yake akafungua mdomo kukataa, kisha akaufunga.

Asubuhi tuliamka saa 10 usiku, tukakung'uta viatu kwanza kwa sababu ya nge, tukaondoka saa 11 na tochi za kichwani ili jua litukute tukiwa tumepanda sehemu kubwa. Binti aliwekwa mbele. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita, hivyo mwendo wake ukawa mwendo wetu wote. Kijana tulimpa cheo cha bwana maji: kila nusu saa alisimamisha msafara, akauliza mmoja mmoja, "Umekunywa? Umekula? Umekojoa?" Alianza na baba yake kila mara, na kila mara baba yake alijibu kama askari mbele ya ofisa.

Tulipumzika dakika kumi kila saa. Kwenye vibanda vyote viwili tulijaza chupa zote, za wazazi pia. Kilomita 7.2 zilituchukua saa nane. Tulitokeza juu saa 7 mchana, tukakaa chini kwenye vumbi, tukamaliza chapati.

Ukitaka kwenda na familia

Huenda hutafika Arizona. Lakini makorongo na majangwa yapo hata kwetu Afrika Mashariki, na mambo haya yanafaa popote penye jua kali na mwendo mrefu.

Andika mpango wa maji wa kila mtu. Jina la baba na la mama liwepo kwenye karatasi. Lita moja ya maji ni kilo moja mgongoni, kwa hiyo jueni mapema mtajaza wapi, na ulizeni siku ileile kama bomba linatoa maji.

Kula unapokunywa. Karanga za chumvi, chapati, biskuti za chumvi. Maji bila chakula hayatoshi.

Angalia mkojo. Mtu mzima aliyepitisha nusu siku juani bila kwenda haja ndogo, au anayetoa mkojo wa rangi nzito kama chai, anahitaji kivuli, kinywaji na mapumziko. Akichanganyikiwa, akitapika mfululizo au akizimia, tafuteni msaada haraka.

Kwepa jua la mchana. Katika miezi ya joto walinzi wa Grand Canyon hushauri watu wasitembee kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.

Funga chakula. Kambini kuna makopo ya chuma ya kuhifadhia. Kindi na kunguru wa kule wanajua kufungua begi, na kindi huuma wageni wanaowalisha.

Heshimu mawingu. Mvua inayonyesha mbali inaweza kuleta mafuriko ya ghafla kwenye korongo lenye jua. Pale Hell's Gate, karibu na Naivasha, Kenya, vijana waliokwenda matembezi walisombwa na maji mwaka 2012, na mwaka 2019 mafuriko yakaua tena watu korongoni humo. Mkiambiwa msiingie, msiingie, hata kama mmeshalipa.

Mpe mtoto ruhusa ya kusema. Kabla ya safari, mkiwa nyumbani, mwambie: ukiniona sipo sawa, niambie, na sitakuona huna adabu. Ukisubiri kumwambia siku ya shida, umechelewa.

Bibi anauliza

Jioni hiyo simu zilipopata mtandao, wa kwanza kupigiwa alikuwa bibi. Alitaka kujua kama huo mto maarufu tumeuona.

"Hapana, Bibi," binti akajibu. "Baba hakunywa maji, akaumwa."

Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda. Kisha tukasikia kicheko kirefu.

"Mtoto wa Singida!" bibi akasema. "Mpe simu huyo niongee naye."

Mume wangu akaipokea simu, akasimama, akaanza: "Shikamoo, Mama." Akasikiliza kwa muda mrefu bila kujibu neno. Kijana wetu alimsogezea chupa ya maji, naye akanywa huku anaendelea kusemwa.